Kabla ya Kununua Kirutubisho, Tafuta Pengo

Duka la pembejeo za mifugo limebadilika sana. Zamani ungekuta dawa ya minyoo, dawa ya kuogeshea na mfuko wa chumvi. Leo rafu zimejaa pakiti za kila rangi: vitamini za kuchanganya kwenye maji, hamira ya ng'ombe, bakteria rafiki, vimeng'enya, tindikali, mafuta ya mimea, unga wa kitunguu saumu, unga wa mlonge. Zote zinaahidi mambo yaleyale: kinga, hamu ya kula, mayai, maziwa, kilo. Mfugaji ambaye kuku wake wameshusha mayai anafika, anaeleza shida yake kwa muda mfupi, anaondoka na pakiti tatu. Hakuna aliyemuuliza kuku wake wanakula nini.

Swali hilo ndilo kiini cha safu hii. Viongezwa vya lishe vina sayansi ya kweli ndani yake, na mimi mwenyewe huvipendekeza mara nyingi. Lakini kila kimoja hufanya kazi kwa kuziba pengo fulani, au kwa kubadili jambo fulani ndani ya tumbo la mnyama. Pasipokuwa na pengo hilo, fedha hutoka na kinyesi. Pengo likiwa mahali pengine ni hatari zaidi, maana mnyama anaendelea kuumia huku mwenye mifugo akiamini kwamba keshamtibu.

Tuchukue mayai yenye ganda laini, malalamiko ninayoyasikia kila mahali. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kwa kuwa si kalsiamu yote inayoliwa inayofyonzwa, kuku anayetaga anahitaji kula gramu 4 hivi kwa siku. Chakula chake cha siku ni kama gramu 110. Kikiwa kimetengenezwa sawasawa, na kina kalsiamu ya asilimia 3.8, atapata gramu 4.2, na hapo mambo yako vizuri. Sasa mfikirie kuku ambaye ameanza kutaga lakini bado analishwa chakula cha kukuzia chenye kalsiamu ya asilimia 1. Anapata gramu 1.1. Au mfikirie yule wa mfugaji anayejichanganyia mwenyewe pumba, mashudu na dagaa, akaipunguza chokaa kwa kuona ni kama mchanga tu usio na lishe. Kuku huyo atataga hivyohivyo kwa muda, kwa sababu anachota kalsiamu kwenye mifupa yake. Mifupa ikikonda, maganda yanalainika, mayai yanapungua, na wengine wanalala chini bila nguvu ya miguu.

Pakiti ya vitamini haiwezi kitu hapo. Upungufu ni gramu 3 kwa kila kuku kila siku, na pakiti nzima huwa na gramu 100 zinazogawanywa kwa mamia ya kuku. Vitamini D3 humsaidia kuku kufyonza kalsiamu aliyokula. Asiyoila haiwezi kuileta. Kinachotakiwa ni chokaa ya mifugo, si ile ya kupaka ukuta, au makombe ya baharini na makome ya ziwani yaliyosagwa yakabaki chembe kubwa kubwa. Sehemu yake iwekwe alasiri, kwa sababu ganda hujengwa zaidi usiku, na chembe kubwa huyeyuka polepole zikiwa kwenye firigisi. Hicho ni kiongezwa cha bei ya chini kuliko karibu vyote vilivyoko dukani, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Namna sahihi ya kufikiri juu ya viongezwa tunayo katika historia ya ukanda wetu wenyewe. Katika Bonde la Ufa la Kenya, kuzunguka Nakuru, wafugaji wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikutana na jambo lililowashinda. Malisho yapo, ng'ombe wamo ndani ya majani, lakini wanakonda. Hamu ya kula inapotea, damu inapungua, manyoya yanasimama, ndama hawakui. Ugonjwa ukapewa jina la mji wenyewe, Nakuruitis. Hakukuwa na kupe wala kimelea wa kulaumiwa. Kilichokosekana ni kobalti, madini ambayo udongo wa majivu ya volkano wa eneo lile ulikuwa nayo kidogo mno. Watafiti wa Australia, waliokuwa na ugonjwa wa aina hiyohiyo kwa kondoo na ng'ombe wa kwao, walikuwa wameitambua kobalti mwaka 1935.

Kiasi kinachotakiwa kinashangaza kwa udogo wake. Ng'ombe anahitaji takriban miligramu 0.1 ya kobalti katika kila kilo ya malisho makavu. Akila kilo 10 kwa siku, anahitaji miligramu 1. Sababu ya kitu kidogo hivyo kuamua uhai wa mnyama wa kilo 400 ilieleweka baada ya mwaka 1948, vitamini B12 ilipotengwa maabara na kuonekana kwamba kobalti imekaa katikati ya molekuli yake. Mimea haina B12. Ng'ombe hutengenezewa vitamini hiyo na bakteria wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza, nao hawawezi kuitengeneza bila kobalti. Bila B12, ng'ombe hawezi kuitumia vizuri propionati, tindikali inayotokana na uchachu wa majani na ambayo ndiyo malighafi yake kuu ya kutengeneza sukari ya damu. Kwa hiyo tumbo limejaa na mwili una njaa.

Jiwe la chumvi lenye kobalti lilitosha. Na lilitosha kwa sababu pengo lilijulikana, kiasi kilijulikana, na njia inayopitia ilikuja kujulikana. Ng'ombe huyohuyo ukimpa kobalti mara kumi ya kiasi hicho hatatoa maziwa mara kumi. Ukimpa ng'ombe wa eneo lenye kobalti ya kutosha, hutaona chochote. Kila ninaposoma tangazo la kirutubisho naliweka kwenye mizani hiyo: kinaziba nini, kwa kiasi gani, na kwa njia ipi?

Utafutaji wa B12 ndio uliotuingiza pia kwenye balaa tunalohangaika nalo hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya kampuni ya Lederle huko New York, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wanatafuta chanzo rahisi cha vitamini hiyo kwa ajili ya vifaranga. Walijaribu masalia ya mapipa yaliyotumika kutengenezea antibayotiki iitwayo Aureomycin. Vifaranga wakakua, tena wakakua kupita kiasi ambacho B12 peke yake ingeweza kueleza. Antibayotiki iliyobaki kwenye masalia ndiyo iliyoongeza uzito. Habari ikatangazwa mwaka 1950, na ndani ya miaka michache antibayotiki ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha kuku na nguruwe katika nchi nyingi. Hakuna aliyesubiri kujua inafanyaje kazi, wala inaacha nini nyuma yake.

Ilichoacha ni usugu wa vimelea. Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mwaka 1986. Denmark ilianza mwaka 1995 na avoparcin, dawa ya ukoo mmoja na vancomycin ambayo hospitali huitegemea kwa wagonjwa walio hoi. Mwaka huo, zaidi ya asilimia 70 ya bakteria wa jamii ya enterokokasi waliopimwa kutoka kwa kuku wa nyama wa Denmark walikuwa sugu. Kufikia mwaka 2000 walikuwa chini ya asilimia 10. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kabisa tarehe 1 Januari 2006. Wimbi la viongezwa tunaloliona leo, yaani probayotiki (wale bakteria rafiki), tindikali, mafuta ya mimea na vimeng'enya, kwa sehemu kubwa lilizaliwa na marufuku hiyo. Soko lilitaka kitu cha kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Yaliyotokea Denmark baada ya hapo yanatuhusu. Kuku wa nyama karibu hawakupoteza chochote. Nguruwe wadogo waliotoka kuachishwa kunyonya ndio walioteseka: waliharisha, na dawa za kutibu zikaongezeka kwa kipindi. Wafugaji wakachelewesha kuwaachisha kunyonya, wakaboresha chakula, wakasafisha mabanda na kupunguza msongamano. Yaani antibayotiki kwenye chakula ilikuwa inafunika uchafu, baridi na kuachisha mapema. Anayetaka probayotiki au unga wa kitunguu saumu uchukue nafasi ya antibayotiki, huku maranda bado yamelowa na vifaranga wamebanana, anaupa kazi ambayo haukuumbiwa.

Huku kwetu tatizo lina sura nyingine. Antibayotiki ya oksitetrasaiklini inauzwa kama njugu. Na jambo ninalotaka kila mfugaji alijue ni kwamba baadhi ya pakiti zinazoitwa vitamini ya kuku au kichocheo cha mayai zina antibayotiki ndani yake. Imeandikwa, kwa herufi ndogo, baada ya orodha ndefu ya vitamini. Mfugaji anawapa kuku kila mwezi akidhani anawalisha, kumbe anawapa dawa kwa kipimo kidogo kidogo, namna ileile inayofundisha bakteria kustahimili. Mayai ya siku hizo yanakwenda sokoni bila kusubiri hata siku moja. Mayai yakiongezeka, yeye anaisifu vitamini. Geuza pakiti, soma nyuma. Ukikuta oksitetrasaiklini, neomaisini, tailosini au kolistini, hiyo ni dawa, na dawa hutolewa kwa ugonjwa unaojulikana, kwa siku zilizopangwa, kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Probayotiki zina msingi mzuri, na zina kisa ambacho kila anayeagiza vifaranga wa siku moja anapaswa kukijua. Mwaka 1971 kuku wa nyama wa Finland walivamiwa na mlipuko wa salmonela. Mtafiti Esko Nurmi na mwenzake Rantala walichukua vijidudu vya matumboni mwa kuku wakubwa wenye afya, wakawanywesha vifaranga waliototolewa muda si mrefu, kisha wakawapa salmonela. Vifaranga hao walikingwa kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Maelezo yake ni mepesi. Kifaranga wa mashine hajawahi kukutana na mama yake. Utumbo wake ni mtupu, na bakteria wa kwanza kufika ndiye anayeshika nafasi. Kifaranga wa kienyeji anadonoa nyuma ya mama tangu siku ya kwanza na kurithi kundi zima la wakazi wema. Naomba mtu asichukue hapa ruhusa ya kuwapa vifaranga kinyesi cha kuku wakubwa: humo mna koksidia, minyoo na salmonela yenyewe. Probayotiki inayofaa ni ile ambayo wakazi wake wamechaguliwa na wanajulikana kwa majina.

Kutokana na kisa hicho unaweza kujua lini utumie. Siku za kwanza za maisha, ndiyo. Baada ya matibabu ya antibayotiki yaliyofagia utumbo, ndiyo. Wakati wa kubadilisha chakula au kuhamisha kuku, pengine. Kuku mzima mwenye utumbo uliokwisha kujaa, anayekula vizuri, hatapata faida kubwa. Na kwa kuwa ni viumbe hai unavyonunua, lazima vifike vikiwa hai. Vijidudu jamii ya laktobasili hufa upesi kwa joto. Pakiti iliyokaa chini ya bati la duka huko Shinyanga mwezi wa Oktoba inaweza kuwa na unga tu. Jamii ya basili, ambayo hujifunga ndani ya mbegu ngumu, hustahimili joto la duka na hata la mashine ya kutengenezea chakula cha punje. Lebo ieleze ni aina gani, vijidudu hai wangapi kwa gramu, na mpaka tarehe gani. Maji ya bomba yenye klorini yanawaua. Antibayotiki inayotolewa siku hiyohiyo inawaua wengi wao pia, na bado naona maagizo ya dukani yanayomtaka mfugaji achanganye vyote viwili kwenye ndoo moja.

Kimeng'enya kinachostahili kusifiwa zaidi ni fitase. Takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka, pumba na mashudu imefungwa katika umbo liitwalo faiteti, ambalo kuku na nguruwe hawana uwezo wa kulifungua. Inaingia na kutoka. Ndiyo maana tunaongeza unga wa mifupa au fosfeti ya kununua. Fitase ilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, nchi ambayo samadi ya nguruwe ilikuwa inajaza fosforasi kwenye ardhi na maji yake. Kimeng'enya kinafungua kufuli na mnyama anapata fosforasi ambayo tayari imelipiwa. Kwetu, ambako kuku wengi wanaishi kwa pumba, faida yake ingekuwa kubwa. Lakini sharti moja linapuuzwa: ukiongeza fitase, punguza fosfeti au mifupa kwenye mchanganyiko. Ukiacha vyote kama vilivyokuwa, umelipa mara mbili kwa fosforasi ileile. Anayejichanganyia chakula bila fomula ya maandishi hana haja ya fitase bado. Ana haja ya fomula.

Tindikali za kuweka kwenye maji nazipitia haraka. Zinasaidia kusafisha mabomba ya kunyweshea na kupunguza bakteria wabaya kwenye koo na kibofu cha chakula cha kuku. Maji machafu ya kisima kisichofunikwa hazitayafanya salama.

Kwa ng'ombe hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu mwenye kula kwanza ni vijidudu vya tumbo la kwanza, kisha ng'ombe anawala hao. Hamira ya ng'ombe ni mfano mzuri. Chembe zake hutumia oksijeni kidogo inayoingia tumboni na kuwasaidia bakteria wanaokula tindikali ya laktiki, hivyo uchachu hautikisiki sana. Majaribio mengi yakijumlishwa, ongezeko la wastani la maziwa ni gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe. Kwa ng'ombe wa kilo 400 hiyo ni karibu nusu lita kwa siku. Tuseme lita unaiuza shilingi 1,000. Nusu lita ni 500. Ikiwa hamira ya siku inakugharimu 300, umebakiwa na 200. Ni faida, lakini nyembamba, na ni wastani wa ng'ombe ambao wengi wao walikuwa wanakula nafaka nyingi, yaani wale ambao tindikali tumboni huwa tatizo kweli.

Ng'ombe wa Rungwe au Lushoto anayekula mabingobingo yaliyokomaa na debe la pumba hana shida hiyo. Shida yake ni nitrojeni. Malisho yakishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu vya tumboni vinakosa cha kujijengea mwili, usagaji unazorota, ng'ombe anashiba upesi na kula kidogo. Kilo moja au mbili za mashudu ya alizeti au pamba, mabingobingo yaliyokatwa yangali machanga, tofali la kulamba la molasi na yurea, na maji ya kunywa yasiyokatika zizini: hayo yataongeza maziwa kabla ya hamira yoyote. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi. Nimeona mazizi yenye pakiti tatu za virutubisho kwenye kabati na ndoo moja ya maji kwa siku.

Kuhusu vijidudu vya tumbo, kuna kisa cha lusina, ambayo wengine huiita lukina, mti tunaoupanda mipakani mwa mashamba kwa ajili ya majani yake yenye protini nyingi. Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe wa Australia walioila kwa wingi walinyonyoka manyoya na kuvimba tezi ya shingo, ilhali mbuzi wa visiwa vya Hawaii waliila bila madhara. Mtafiti Raymond Jones akahisi tofauti iko tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yalipelekwa Australia, ng'ombe wakanyweshwa, na wakaweza kuila lusina. Bakteria aliyefanya kazi hiyo alipewa mwaka 1992 jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Kwangu hiyo ndiyo probayotiki iliyofanikiwa kuliko zote kwa wanyama wanaocheua: mgeni mmoja, kazi moja, sumu moja inayojulikana. Kwa mfugaji wetu kanuni ya zamani inabaki salama: lusina isizidi asilimia 30 ya anachokula ng'ombe au mbuzi, na kuku wapewe kidogo mno, kama asilimia 5.

Mitishamba inahitaji ukweli uleule. Majani ya mlonge yana protini ya takriban robo ya uzito wake mkavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wameyajaribu kwa ng'ombe wa maziwa na kwa kuku wa mayai badala ya mashudu, na yanafaa kama chakula, kwa kiasi. Huo ndio ukweli kuhusu mlonge, na ni habari njema: ni chakula kizuri kinachoota uani. Kuuuza kwa kijiko kama dawa ya magonjwa thelathini ni kuudhalilisha. Kitunguu saumu kina alisini, inayoua bakteria kwenye bakuli la maabara. Lakini alisini huharibika upesi, na ng'ombe akila kingi maziwa yananuka. Mwarobaini ni mchungu, unapunguza ulaji, na mbegu zake huathiri uzazi. Utomvu wa shubiri unaharisha. Na nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, msimu na namna ulivyokaushwa, kwa hiyo konzi ya leo si konzi ya mwezi ujao.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni shubiri na pilipili kuchukua nafasi ya chanjo ya kideri. Kuku wa kijiji wanafagiliwa kila mwaka na ugonjwa ambao chanjo yake ipo, ile ya I-2 inayostahimili joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 hadi 4. Hakuna kiongezwa cha lishe kinachokaribia tone hilo.

Asili nayo ina sumu zake. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, ambayo wafugaji wengi huyaamini kuliko jiwe la dukani, yanaweza kuwa na floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Kondoo hufa kwa shaba ambayo kwa ng'ombe ni ya kawaida, hivyo madini ya ng'ombe wasilambe. Chakula cha kuku chenye monensini, dawa ya kuzuia koksidia, kikiliwa na punda kinamuua kwa kiasi kidogo tu. Anayefuga wote wawili afunge stoo.

Nimeliacha mwishoni jambo linaloniumiza zaidi, vifunga sumukuvu. Mwaka 1960 bata mzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na ndipo sumukuvu ya aflatoksini ikagunduliwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 walifariki. Mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Mahindi yanayokataliwa mezani huwa yanaelekea wapi? Yanakwenda kwenye mashine ya chakula cha mifugo. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake inageuka kuwa aina iitwayo M1 na kutoka kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili. Udongo wa bentonaiti ukichanganywa kwenye chakula hushika sehemu ya sumu tumboni na kutoka nayo. Ni kiongezwa chenye ushahidi mzuri, na ningependa kiwe katika kila chakula cha ng'ombe wa maziwa mahali palipo na hatari. Lakini hakishiki sumu yote, na sumu nyingine za kuvu, kama fumonisini, kinazishika vibaya. Muuzaji anayemwambia mfugaji kwamba kwa kifunga sumu anaweza kulisha mahindi yaliyooza anahatarisha watoto wanaokunywa maziwa hayo.

Sheria tunayo. Tanzania ina Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na Wakala ya Maabara ya Veterinari inapima vyakula vya mifugo. Naomba mambo machache. Lebo iwe kwa Kiswahili, na itaje kiambato kinachofanya kazi pamoja na kiasi chake. Antibayotiki isiruhusiwe kujificha ndani ya pakiti yenye jina la vitamini. Na sampuli za probayotiki zichukuliwe kwenye maduka ya wilayani, baada ya joto na vumbi, siyo kwenye ghala la mwagizaji peke yake, maana mfugaji hanunui ghalani.

Wakati tukisubiri hayo, mfugaji anaweza kupima mwenyewe. Kwa kuku, gawa kundi la umri mmoja sehemu mbili kwa wavu ndani ya banda moja. Chakula kilekile, maji yaleyale, kirutubisho upande mmoja. Pima chakula kinachoingia na mayai au kilo zinazotoka kwa wiki tatu au nne, andika kila siku. Kwa ng'ombe kuna mtego: maziwa hushuka yenyewe kadiri miezi ya kukamuliwa inavyosonga na hupanda mvua ikileta majani, kwa hiyo kulinganisha mwezi huu na uliopita kunadanganya. Mpe kirutubisho wiki tatu, kiondoe wiki tatu, mrudishie wiki tatu, bila kubadili kitu kingine. Maziwa yakipanda ulipompa, yakashuka ulipoondoa, yakapanda tena uliporudisha, na ongezeko likalipa gharama, endelea kukinunua.